Taa ya sola pembeni ya jaruba: inaita wadudu waharibifu au inatuonyesha tu waliopo?

#1 JarubaLaMagu
Wakuu habari za jioni. Nina majaruba matatu huku Magu, bondeni, mto Simiyu unakoelekea ziwani. Mpunga ni mbegu ya Saro 5, una wiki kama sita tangu nipandikize. Mwezi uliopita waliniibia mpira wa pampu ndo nikafunga taa ya sola kwenye nguzo ya banda, nyeupe kali, inajiwasha yenyewe magharibi na kuzima asubuhi. Wezi hawajarudi ila nimepata wageni wengine. Kila asubuhi chini ya nguzo pamejaa wadudu mpaka kuku wa jirani wanavuka mfereji kuja kula.

Nikaweka beseni la maji yenye sabuni ya unga kidogo nione ni wadudu gani. Jamani, sikujua shamba langu lina viumbe vingi hivi. Nondo weupe wadogo kama vipande vya karatasi, nondo wa kahawia, vidudu vya kijani vyenye umbo la kabari ambavyo ukivigusa vinaruka, chenene, mende weusi wanaong'aa, mdudu wa maji mkubwa kama kiberiti, vimbu visivyouma vimejaa kama ugali uliomwagika, na yule mwembamba mwekundu na mweusi anayetembea kama siafu.

Sasa jirani yangu tuliyepakana anasema zima hiyo taa, unatuitia funza wa mashina kutoka kijiji kizima. Mimi naona taa haizai mdudu, inamuonyesha tu aliyekuwepo. Nani yuko sahihi? Naomba anayejua kweli, huyu jirani ni mtu tunayezikana, sitaki tufike kwa mwenyekiti kwa ajili ya nondo.

#2 KiazichaNgudu
Nakaa hapa mbele, wajuzi waje.

#3 Ng'wanaKwimba
Zima taa mkuu. Mimi nina duka Ngudu, zamani nilikuwa na taa ile ndefu ya tyubu nje ya kibaraza, mvua zikianza nazoa wadudu kwa sepeto. Mtaa wa nyuma hakuna umeme hakuna wadudu. Sasa niambie hao walitoka wapi kama sio taa imewaita? Jirani yako ana haki.

#4 JarubaLaMagu
#3 mkuu, mtaa wa nyuma ungejuaje hawapo wakati ni giza, huwaoni? Ndo hoja yangu hiyo hiyo.

#5 BwanaShambaMstaafu
Mwangaluka wana Magu. Nimefanya ugani kanda ya ziwa miaka mingi, mpunga na pamba, ngoja niseme ninachokijua.

Kijana wangu usiwaweke wadudu wote kapu moja. Chukua wale nondo weupe, mtoe mmoja kwenye maji, mlaze juu ya karatasi umwangalie ukingo wa mbele wa bawa. Ukiona mstari wa wekundu wa kahawia umepita kando ya bawa jeupe la maziwa, huyo ni mwenyewe, kitaalamu Maliarpha separatella, kipekecha shina wa mpunga wa Afrika. Anataga mayai kwenye jani, gundi ikikauka jani linajikunja kama bahasha. Funza anaingia kwenye shina huko chini karibu na maji, anakaa humo anakula taratibu. Huyu mara nyingi hakaushi moyo wa mche kama ndugu zake wa kahawia, ndo maana wakulima wengi wanamkosa, wanakuja kulalamika wakati wa kuvuna kwamba mpunga ulikuwa mzuri ila masuke mepesi. Ndugu zake wa kahawia ndo wanaacha mche katikati umekauka, ukiuvuta unachomoka kirahisi, na ukishachanua wanaacha suke jeupe lisilo na punje.

Hivyo vya kijani vyenye kabari vinafyonza majani. Mende weusi wengi ni wa majini, hawana shida na mpunga wako, wanakula viluwiluwi na vidudu vingine.

Jibu la swali: nyinyi wote wawili mna kipande cha ukweli. Taa inavuta waliopo shambani na wa hapo jirani, wa mbali sana hawavutwi, taa haina nguvu hiyo. Lakini ukisimika taa jarubani basi jike mwenye mayai akija kwenye taa akakosa beseni, atatua kwenye mpunga uliopo karibu. Hapo jirani yako hajakosea.

Halafu jambo lingine kubwa, beseni la taa linasema uongo kwa kunyamaza. Kuna waharibifu ambao kazi yao ni mchana, kwenye taa hutawaona. Yule nzi mwenye macho yaliyochomoza kwenye vijiti viwili, nenda saa nne asubuhi kwenye kivuli cha mfereji utamkuta amejaa. Kile kimende cheusi chenye miiba mgongoni kinachochora michirizi myeupe kwenye majani, nacho cha mchana, na hicho ni mmoja wa wabebaji wa ugonjwa wa majani ya njano, wengine wanauita kimyanga. Ugonjwa ule uliripotiwa mara ya kwanza duniani 1966 hukuhuku ziwani, upande wa Kisumu. Kwa hiyo usije ukaona beseni halina kitu ukalala usingizi.

#6 KiazichaNgudu
Shikamoo mzee. Hilo la jani kujikunja kama bahasha nimeliona mwaka jana nikadhani ni jua kali.

#7 KarabaiUkerewe
Mnasahau kitu kimoja, mwezi. Mimi ni mtu wa dagaa, Ukerewe. Sisi maisha yetu yote ni taa na giza. Zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wamehamia taa za sola na betri. Mbalamwezi ikikolea tunapumzika, tunashona nyavu, maana dagaa hawafuati taa, mwanga umeenea ziwa zima wakae kwenye taa yako wana shida gani. Giza likirudi tunaingia. Na wadudu ni vilevile. Usiku wa giza mtumbwi mzima unajaa vimbu vya ziwani mpaka unavimeza ukiongea, mbalamwezi wanapungua.

Kwa hiyo mleta mada ukihesabu beseni la leo na la wiki ijayo ukasema wadudu wameongezeka, kwanza tazama juu.

#8 JarubaLaMagu
#7 umenigusa mkuu. Nilikuwa naandika kwenye daftari la mwanangu. Siku za mwanzo nilipata wachache sana nikadhani taa mbovu, kweli usiku ule mwezi ulikuwa mpana unaweza kusoma nje. Hizi siku nne tano za giza ndo beseni limefurika. Ila pia imenyesha hapo katikati, sasa sijui nimshukuru mwezi au mvua.

#5 mzee wangu wabeja sana. Nimemlaza mmoja kwenye karatasi kwa tochi. Mstari upo. Mwembamba kama umechorwa na kalamu ya wekundu kisha ukafutwa na kidole. Nimejisikia vibaya kidogo, ni mdudu mzuri.

#9 TichaBaiolojia
Naunga hoja ya mwezi. Wadudu wa usiku wanatumia mwezi kama dira, wanaushika upande mmoja wa jicho wanaenda mstari ulionyooka. Taa iko karibu, ukiishika upande mmoja unazunguka, unazunguka, unaishia kwenye glopu. Hivi ndivyo tunavyofundisha.

#10 MpigaPichaCapri
Ticha samahani, hilo limepingwa. 2024 ulitoka utafiti wa wanasayansi wa London na Florida, walipiga picha wadudu kwa kamera za kasi sana karibu na taa. Waliona mdudu haendi kwenye taa, anaigeuzia mgongo. Kwa mamilioni ya miaka upande wenye mwanga usiku ndo juu, mbingu, basi mdudu anajiweka mgongo kwenye mwanga ili ajue yuko wima. Ukimuwekea taa pembeni anajiinamisha pembeni, anaanza kuizunguka. Akipita juu ya taa anapinduka tumbo juu anaanguka. Kwa hiyo hajaitwa, amenaswa.

Nilikaa kibarazani kwangu usiku mmoja nikaangalia baada ya kusoma hiyo, nondo mkubwa wa kahawia akapita juu kabisa ya taa, akapinduka kama ndege ya karatasi, akadondoka kwenye meza. Nimeishi na taa miaka yote sikuwahi kuliona hilo.

#11 TichaBaiolojia
Asante #10, ntalisoma. Lakini hilo linaeleza akishafika karibu. Kilichomtoa mbali mpaka akafika hapo karibu ni nini?

#12 MpigaPichaCapri
Hapo ticha umenibana. Wenyewe pia walisema kuna aina kadhaa walizozijaribu hazikuonyesha tabia hiyo, kuna nondo mmoja mkubwa alipita juu ya taa kama haioni.

#13 FundiUmemeIgoma
Mimi naona ni joto. Glopu za zamani zilikuwa zinaunguza na wadudu walikuwa wengi, hizi LED baridi wadudu wachache. Mteja akilalamika wadudu nambadilishia LED ya njano anatulia.

#14 BwanaShambaMstaafu
#13 fundi, kazi yako ni nzuri, sababu ndo siyo. Wadudu wengi wanaona mwanga ambao sisi hatuuoni, ule uliopita zambarau, na bluu wanaiona sana. Tyubu na zile taa kubwa za zebaki zinatoa mwanga huo. LED ya njano haina, nyeupe kali ina bluu nyingi. Ndo maana yako ya njano inatulia. Ingekuwa joto basi jiko la mkaa la mama ntilie lingekuwa na nondo kuliko taa.

#15 MamaNtilieKirumba
Mzee #14 jiko langu halina nondo ila sufuria la supu lina vimbu vya ziwani. Mie nauza karibu na mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, kuna siku mchana unaona kitu kama moshi mweusi umesimama juu ya maji kule mbali, unajua kabisa jioni hii upepo ukigeuka tumekwisha. Vinaingia puani, vinaingia kwenye mchele, mteja anavifukuza kwa mkono mmoja anakula kwa mwingine. Nimebadilisha taa ya njano kweli vinapungua ila haviishi. Dawa yangu kubwa nimetundika taa nyeupe mbali, kwenye mti, ya kwangu ya mezani ya njano hafifu. Vinaenda kule.

#16 KarabaiUkerewe
Mama huo ndo ujanja wenyewe. Wale vimbu wanaanzia kwenye tope chini ya ziwa, watoto wao ni kama uzi wa kioo, mchana wamejificha kwenye tope usiku wanapanda juu. Hawaumi kabisa. Wale wa mto Nyasa, samahani ziwa Nyasa, wanawakusanya wanakanda maandazi yake wanaita kungu. Sisi huku tunawafyeka tu usoni.

#17 MtafitiMajini
Mkuu Karabai nakuongezea na nakurekebisha kidogo. Umesema mbalamwezi wadudu wanapungua. Wa ziwani hawafuati kanuni moja. Vile vimbu vya moshi vinaibuka zaidi mwezi mpya. Lakini kuna mwingine, mwenye mabawa meupe laini na nyuzi ndefu mkiani, watoto wake wanatoboa mbao za mitumbwi na mafunjo. Huyo watafiti waliokuwa ziwa hilihili upande wa Uganda miaka ya 1950 walimfuatilia wakakuta anaibuka kwa wingi kama siku ya pili baada ya mwezi mpevu, na mkubwa wake haishi hata usiku mzima. Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayochanganywa: mwezi kuififisha taa, na mwezi kumpangia mdudu siku ya kutoka. Ukiwa na beseni moja huwezi kuyatenganisha.

#18 KarabaiUkerewe
#17 huyo mtoboa mbao namfahamu vizuri sana, ametoboa mtumbwi wa baba yangu mpaka ukawa kama chujio. Sikujua kama ni yuleyule mwenye mabawa.

#19 NesiMisungwi
JarubaLaMagu, umesema kuna mwembamba mwekundu na mweusi anatembea kama siafu. Kichwa cheusi, kifua cha chungwa, mabawa mafupi ya bluu nyeusi, tumbo la chungwa ncha nyeusi? Huyo ni nairobi flai. Usimshike! Msimu wa mvua napokea watu wamebabuka shingoni na kwenye kope wakidhani wameumwa usiku au wamerogwa.

#20 Ng'wanaKwimba
Kweli huyo anauma vibaya, aliniuma shingoni nilipata mstari kama nimepigwa kiboko.

#21 NesiMisungwi
#20 kaka haumi na hana mwiba. Sumu iko ndani ya mwili wake. Ulimponda ukiwa usingizini ukaipaka, ndo maana ilikuwa mstari, ni mkono wako ulivyoburuta. Na huioni papo hapo, inatokea baada ya siku moja au mbili. Akikutua mpulize aondoke. Ukishamponda osha kwa maji na sabuni haraka, na usishike macho. Kenya walipata shida nayo kubwa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Na mleta mada, usimwage hilo beseni kwa mikono mitupu.

#22 BwanaShambaMstaafu
Nesi yuko sahihi. Ila niseme neno la kumtetea: huyo huyo jarubani anakula mayai na vile vidudu vya kijani vinavyofyonza. Ni askari wako. Na ndo tatizo la watu wanaotaka kugeuza taa kuwa dawa. Wenzetu Asia wametumia mitego ya taa kwenye mpunga muda mrefu, lakini beseni halichagui, unaua mla mpunga na mla mla-mpunga kwa pamoja. Mimi ushauri wangu washa saa moja mpaka saa tatu nne, mara moja au mbili kwa wiki, hesabu nondo weupe, zima. Taa iwe jicho, isiwe panga.

#23 HayaWaMwanza
Samahani kwa kuingilia, katika hao wote hamna senene, wale panzi wetu wa kula?

#24 JarubaLaMagu
#23 nilijua tu wewe utakuja. Mmoja tu, wa kijani.

#25 HayaWaMwanza
Mmoja pia ni mwanzo 😂 Bukoba msimu wao mkubwa Novemba na Desemba, watu wanasimamisha mabati mapya, pipa chini, taa juu kali mpaka unadhani ni uwanja wa mpira. Senene anagonga bati anateleza ndani ya pipa. Lakini hata sisi wazee wanasema zamani walikuja bila taa, ulikuwa unawaokota alfajiri kwenye nyasi zenye umande, mabinti wanaenda na vikapu. Sasa wanasema wamepungua. Wengine wanasema taa zimewamaliza, wengine wanasema nyasi ndo zimelimwa. Mimi naumia kweli nikifikiria hilo.

#26 DerevaUsagara
Kuhusu yule mdudu mkubwa wa maji. Nina gari jeusi, nikiliosha jioni nikaliegesha, usiku wananitua kwenye boneti pah! pah! kama mtu anatupa kokoto. Taa ya nyumba nimezima kabisa. Hapo taa gani imewaita?

#27 MtafitiMajini
#26 swali zuri sana. Wadudu wa maji wanalitambua bwawa usiku kwa namna mwanga unavyoakisiwa na maji, na kitu cheusi kinachong'aa kinaakisi vivyo hivyo. Boneti lako kwao ni dimbwi. Hata paneli ya sola na turubai jeusi lililolowa. Kwa hiyo JarubaLaMagu, beseni lako lenyewe nalo linaita, achilia mbali taa. Na jaruba lako lote ni kioo.

#28 JarubaLaMagu
Sasa hapo mmenichanganya zaidi. Taa, mwezi, mvua, beseni, na maji ya jaruba.

#29 KijanaWaIlemela
Mnazungumza nondo wakati taa inaleta mbu na malaria. Mpunga unazaa mbu, taa inawaleta ndani. Hilo ndo la kusema.

#30 MaabaraNyamagana
#29 nusu. Mpunga kuzaa mbu wa malaria ni kweli, hasa ukiwa bado mchanga na maji yanapigwa na jua. Ila mbu huyo anakufuata wewe, pumzi yako na jasho lako, kuliko taa. Hata mitego ya taa tunayotumia kukamata mbu tunaitundika pembeni ya mtu aliyelala ndani ya neti, mtu ndo chambo. Lala kwenye neti, taa sio kisingizio.

#31 Ng'wanaKwimba
Turudi kwa jirani. Mkuu kafungue mashina. Ishirini karibu na nguzo, ishirini mbali kabisa, upande wa jirani. Pasua kwa wembe.

#32 JarubaLaMagu
Nimerudi wakuu, samahani nilikimya siku tatu. Nimefanya kama #31 alivyosema na jirani nilimwita, tulipasua pamoja tumekaa kwenye tuta. Karibu na taa mashina ishirini, manne yana funza. Mbali mashina ishirini, matatu. Funza ni mweupe wa njano, kichwa kahawia, amejikunja chini kabisa karibu na mizizi, shina ndani limekuwa kama unga wa mbao uliolowa. Jirani akasema umeona, manne ni zaidi ya matatu. Mimi nikamwambia hiyo tofauti ya mmoja hata kuku anaweza kuileta.

#33 BwanaShambaMstaafu
Mashina ishirini ni machache mno kijana, hayasemi kitu kwa yeyote kati yenu. Na karibu na banda kuna nini, sio kwamba ndo pembeni ya jaruba, ndo uliweka mbolea nyingi wakati wa kumwaga? Mpunga wenye majani mabichi sana wanaupenda. Halafu uliza pia mabua ya msimu uliopita yalifanywaje. Huyu funza anakaa kiangazi chote kwenye visiki vya mpunga anasubiri mvua. Kama mmoja wenu hakulima visiki mapema, yeye ndo aliyewaita kuliko taa yoyote.

#34 JarubaLaMagu
Mzee... visiki ni vyangu. Niliviacha ng'ombe wale. Na mfuko wa mbolea ulipasukia pale pale bandani.

#35 Ng'wanaKwimba
Bado nasema taa.

#36 TichaBaiolojia
Na mimi bado nataka kujua kinachomtoa mbali.

#37 JarubaLaMagu
Usiku wa leo giza nene, hakuna mvua. Taa nimeifunika upande wa jarubani kwa kipande cha debe, imebaki kumulika banda tu, na nimeifunga kitambaa cha njano. Jirani amekuja na beseni lake na karabai ya marehemu baba yake, ameiweka katikati ya jaruba lake mwenyewe, amekaa pembeni na blanketi. Saa tatu hii kwangu nondo weupe sita, chenene wawili, nairobi flai sijahesabu nimewapuliza.

#38 KarabaiUkerewe
Beseni la jirani je?

#39 JarubaLaMagu
Hajaniruhusu kuangalia. Anasema tumwage yote mawili asubuhi, kuna mwanga, tuhesabu tukiwa wote.

#40 HayaWaMwanza
Mkiona senene mniite.